Moja Mbele ya Ishirini na Saba

Ilipokaribia saa tatu asubuhi, Mwalimu Fanueli alilichomeka jembe lake kwenye tope, akawaacha wenzake wakiendelea kuchimba. Hakuaga. Walikuwa wanaume kumi na mmoja mahali palipokuwa jiko la Josephina, na tangu kulipopambazuka walikuwa wamepata sufuria mbili, mlango, mbuzi na blanketi. Alen, mtoto wa miaka saba aliyependa kulala humo jikoni kwa sababu ya joto la mafiga, walikuwa hawajampata. Josephina, mama yake, alikaa juu ya matofali yaliyomeguka, binti yake mchanga mgongoni, miguu imezama hadi magotini. Tope lenyewe halikuwa jekundu kama udongo wa kijiji chao cha Kwemshoi. Lilikuwa la kijivu, laini kama uji wa saruji, na lilinuka dizeli.

Mwalimu alipanda njia ya shule akiona haya. Watu wanatafuta maiti, yeye anakwenda kupima mvua. Lakini kwa miaka kumi na tisa, tangu akiwa mwalimu wa jiografia hadi sasa amestaafu, saa tatu ya asubuhi haikupata kumkuta pengine isipokuwa nyuma ya ofisi ya walimu, mbele ya kile kipimamvua. Alipima siku aliyomzika mama yake. Alipima siku ya harusi ya mdogo wake, amevaa suti ya kuazima. Kila mwisho wa mwezi alinakili tarakimu kutoka kwenye daftari akazipeleka kwa watu wa hali ya hewa, nao wakamrudishia barua ya shukrani na, mara mojamoja, daftari jipya.

Alikifungua kipimamvua, akatoa chupa ya ndani, akamimina kwenye kioo cha kupimia. Kioo kile hubeba milimita kumi. Kilijaa, akamwaga. Kikajaa mara ya pili, akamwaga. Mara ya tatu hakikujaa. Ishirini na saba nukta nne. Alikiinua usawa wa macho akakitazama tena, maana chini bondeni nyumba tisa zilikuwa zimesombwa, na milimita ishirini na saba huku milimani ni mvua ya kulowesha maharage. Masika ya mwaka juzi ilinyesha themanini na sita kwa usiku mmoja, na kijito cha Ngwezi kikapanda hadi kwenye migomba, kikarudi zake.

Akaandika 27.4. Kisha akageuka kutazama kichwa cha bonde.

Huko ndiko walikokuwa wanachimba gesi. Miaka miwili iliyopita kampuni ilipokuja na barua zake, watu walidhani ni gesi ya mitungi ya kupikia, na wanawake waliokuwa wakienda kuokota kuni hadi mpakani mwa msitu walishangilia mkutanoni. Baadaye wakaelezwa kwamba hii ni gesi ya aina nyingine, ya mitambo na hospitali za mbali, na kwanza bado inatafutwa. Wakakata barabara kwenye ubavu wa mlima. Wakasawazisha uwanja mkubwa kama viwanja vitatu vya mpira, na udongo wote wakausukumia kwenye korongo la Ngwezi. Juu ya udongo huo huo wakachimba bwawa la kuwekea maji na tope la mashine, wakalizungushia ukingo usio na jiwe hata moja. Mwezi wa tatu wanawake wa kuni walirudi wakisema ukingo unatoa machozi. Mwenyekiti wa kijiji akawajibu kwamba kule kuna wataalamu.

Sasa kutoka pale shuleni Mwalimu aliona pengo katikati ya ukingo, safi, kama mahali lilipong'olewa jino.

Alen walimpata saa nane mchana. Walizikwa watu sita siku mbili zilizofuata, wanne kanisani kwa Walutheri, wawili kwa Waislamu, na Mwalimu alikwenda kwenye mazishi yote.

*

Wiki ya pili baada ya mazishi, walikuja nyumbani kwake wageni wawili. Mmoja alikuwa Benedikto, ofisa aliyetumwa kutoka wilayani kuandika taarifa ya maafa. Mwingine alijitambulisha kwa jina la Valentino, wa kampuni, anayeshughulika na mahusiano na wanakijiji. Wote walikuwa vijana kuliko yeye, wote walimwamkia shikamoo kwa adabu. Mkewe, Yunis, akawaletea chai na viazi vya kuchemsha. Walimsifia chai. Waliulizia afya. Kisha Benedikto akaomba kuliona daftari.

Alilipekua taratibu, miezi na miezi ya mwandiko ule ule uliosimama wima, akamwambia Valentino kwamba wazee wa zamani walikuwa na nidhamu ambayo leo haipatikani. Alipofika kwenye siku yenyewe akaweka kidole.

"Mwalimu, macho yako siku hizi yanaendeleaje?"

"Yapo. Yana ukungu kidogo."

"Ukungu," alisema Benedikto, na Valentino akaandika kitu. "Na asubuhi ile ulikuwa umetoka kuchimba tope tangu alfajiri."

"Ndiyo."

"Umechoka. Una majonzi. Macho yana ukungu. Ukamimina mara ngapi?"

"Mara tatu. Ya tatu haikujaa."

"Unaweza kuapa kwamba hazikuwa kumi na tatu?"

Mwalimu alitaka kucheka. Mtu hawezi kumimina mara kumi na tatu akadhani ni tatu, kama asivyoweza kuzaa watoto kumi na watatu akadhani ni watatu. Lakini hawa hawakuwa wakicheka. Akasema anaweza kuapa.

Benedikto alikunywa chai. Akaeleza, bila kupandisha sauti, jinsi mambo yanavyokwenda. Kama mvua ilikuwa kubwa isiyo ya kawaida, hayo ni maafa ya asili, na kwa maafa ya asili lipo fungu: mabati, mahindi, mablanketi, yanaweza kufika mwezi huu huu. Kama mvua ilikuwa ndogo, basi yatakuwa mashtaka. Kampuni italeta mawakili wake, kijiji kitafute wake. Miaka mitano, sita. Yule mama aliyepoteza mtoto atakaa chini ya turubai miaka sita?

"Hakuna anayekuambia uandike uongo," alisema. "Mimi ni mtumishi wa umma, siwezi kukuambia hivyo. Ninakuuliza tu kama hakuna uwezekano ulisahau moja."

"Moja?"

"Moja ya mbele."

Valentino ndipo alipofungua kinywa, naye hakusema habari za mvua. Alisema habari za Glory. Glory, binti wa mwisho wa Mwalimu, alikuwa amekaa nyumbani miaka mitatu na cheti chake cha chuo kabla kampuni haijamwajiri kuwa karani wa stoo kambini. Valentino alisema ni binti makini, anapendwa na kila mtu kule juu. Mkataba wake unakwisha mwisho wa mwezi na wao wangependa sana kuuongeza. Tatizo ni kwamba mradi ukisimamishwa, wa kwanza kurudishwa nyumbani huwa ni vijana wa hapa hapa. Hilo linamuumiza hata yeye.

Mwalimu alitazama mlangoni. Yunis alikuwa amesimama pale na birika, hakuingia wala hakuondoka.

Baadaye, kila alipojaribu kukumbuka alifikiria nini wakati ule, alimkumbuka Josephina chini ya turubai. Alijiambia ni yeye aliyemfikiria, si Glory. Pengine ilikuwa kweli. Alitoa kalamu yake mwenyewe mfukoni, kwa kuwa wino ulipaswa kufanana, na mbele ya ishirini na saba akachora mstari mmoja mfupi, wima. Haukuchukua hata muda wa kuvuta pumzi. Kilichomtia soni kuliko yote ni kwamba ile moja ilikaa vizuri, imenyooka, kama mwandiko wake wote.

Benedikto aliupiga picha ukurasa kwa simu. Wakamaliza chai. Walipoondoka Yunis aliokota vikombe, akavipeleka nje kuviosha, na hawakulizungumza jambo lile siku ile wala siku iliyofuata.

*

Taarifa ilisomwa kwenye mkutano wa hadhara, kwenye uwanja wa shule, mwezi wa sita. Benedikto aliisoma amesimama. Alipofika kwenye chanzo cha maafa alisoma polepole: mvua ya milimita mia moja ishirini na saba nukta nne, ambayo haijapata kurekodiwa katika eneo hilo, na ambayo kwa hesabu za wataalamu huja mara moja katika miaka mia.

Watu waliguna. Mzee Rashidi, mwadhini wa msikiti wa bondeni, akanyoosha mkono. Alisema yeye alfajiri ile alitoka nyumbani kwake kwenda kuadhini, hana mwavuli, na alifika msikitini kofia yake haijalowa. Manyunyu tu, alisema. Alikuwa bado hajaanza adhana aliposikia mngurumo ukitoka juu. Sasa hiyo mia moja na ngapi ilinyesha wapi?

"Mzee wangu," alisema Benedikto kwa upole, "wewe unacho kipimo?"

Wengine walicheka. Rashidi akasema hana.

"Na mimi sina. Wala hatukuleta mtu kutoka mbali aje kuwapimia. Aliyepima ni mtu wenu wenyewe. Mwalimu Fanueli yuko hapa. Mwulizeni."

Uwanja mzima uligeuka. Walikuwamo humo watu aliowafundisha kusoma, na watoto wa watu aliowafundisha kusoma. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Alijua kwamba angeweza kusimama. Miguu ilikuwapo. Kule nyuma, kando ya gari la kampuni, Glory alisimama na buti zake za kazi, amekumbatia orodha ya mablanketi, anamtazama baba yake kama wengine wote.

Aliinamisha kichwa. Watu walichukua kule kuinama kuwa ndiyo.

"Basi," alisema Mzee Rashidi, "kama ni Mwalimu aliyepima, basi." Akaketi, akaivua kofia akaitazama, kana kwamba ndiyo iliyomdanganya.

Mabati yalikuja kweli, na mahindi yalikuja, mara moja. Na kwa kuwa mvua kama ile huja mara moja katika miaka mia, waliopoteza nyumba waliambiwa hakuna haja ya kuhamishwa. Wajenge pale pale walipokuwa. Na kwa sababu hiyo hiyo kampuni iliruhusiwa kuliziba pengo na kulijaza bwawa upya. Mkataba wa Glory uliongezwa mwaka mmoja. Siku moja alirudi na kijaluba chenye miwani, zawadi ya kampuni kwa baba, kwa ajili ya yale macho. Mwalimu hakuivaa. Yunis aliichukua, akawa anasomea nayo kitabu cha nyimbo.

Mwalimu aliendelea kupima. Kiangazi kile kilikuwa kikavu, akawa anaandika sifuri juu ya sifuri. Alipopita dukani alisikia watu wakisimuliana, kila mtu na lake. Mmoja alisema aliisikia mvua ile ikipiga bati kama mawe. Mwingine alisema aliamka akakuta maji hadi kitandani kabla hata tope halijafika. Waliitaja kwa jina, mia na ishirini na saba, kama watu wanavyoutaja mwaka wa njaa. Kufika mwezi wa nane hakuna aliyekumbuka manyunyu isipokuwa Mzee Rashidi, na yeye alikuwa ameacha kuyasema.

*

Josephina alikuja mwezi wa tisa, jioni moja kabla ya jua kuzama, na mtoto mgongoni. Aliamkia, akakataa kiti, akakaa kwenye kizingiti. Mumewe, Silvano, alikuwa huko tambarare, mahali paitwapo Mnazi, kwenye vibarua vya mpunga tangu kabla ya maafa. Alikuja kuzika, akarudi, na tangu hapo hapigi simu. Hilo alilieleza kwanza, kwa maneno machache, kama mtu anayefagia njia. Kisha akasema amekuja kuuliza kitu kimoja na asionekane mkorofi.

"Mwalimu, mimi usiku ule niliamka. Mtoto alitaka kunyonya. Nikasikia mvua. Nikasikiliza, nikasema hii ni ndogo, nisimwamshe Alen kumtoa jikoni, atalia baridi. Nikalala."

Mwalimu alivuta kigoda, akakaa karibu naye.

"Lakini kitabu kinasema ilikuwa mia na ishirini na saba. Kila mtu aliisikia. Mama Issa aliisikia, yuko kule ng'ambo ya kijito." Alizungumza bila kulia, kwa namna ya mtu aliyelifikiria jambo miezi mitano. "Sasa mimi nilisikia nini? Mama gani analala kwenye mvua kama ile? Silvano aliniuliza hivyo hivyo pale kaburini. Nikamwambia ilikuwa ndogo. Akaniambia mwongo. Nataka uniambie wewe uliyepima, mtu anaweza asiisikie?"

Yunis alikuwa ameacha kupeta maharage uani. Ungo ulikuwa magotini mwake.

Mwalimu Fanueli alisikia maneno yakimpanda kifuani, na safari hii hakuyazuia. Alimwambia. Alimwambia kwa Kishambaa, lugha ambayo hakuwahi kuitumia naye tangu alipokuwa mwanafunzi wake. Mvua ilikuwa ndogo. Ulisikia sawasawa. Nilimimina mara tatu tu. Ile moja niliiongeza kwa mkono wangu, humu ndani, walipokuja wale watu.

Josephina alimsikiliza hadi mwisho. Akamtazama mzee yule, nywele nyeupe, mikono yenye mishipa juu ya magoti, na uso wake ukalegea kwa kitu ambacho Mwalimu alidhani kwanza ni nafuu.

"Mungu akubariki, Mwalimu," alisema. "Nilijua utanionea huruma. Lakini usiseme hivyo tena, watakufanya mwongo kwa ajili yangu. Wewe hujawahi kusema uongo."

Mwalimu akamwambia tena. Akaingia ndani akatoa daftari, akalifungua, akamwonyesha pale kwenye ukurasa. Josephina aliinama akatazama. Wino ulikuwa mmoja. Mwandiko ulikuwa mmoja. Ile moja ilisimama na wenzake kama iliyozaliwa pamoja nao.

"Ndiyo hiyo," alisema kwa sauti ndogo, akaigusa kwa kidole. "Mia na ishirini na saba." Akashukuru, akajifunga kanga vizuri, akaondoka.

Siku iliyofuata Mwalimu alipanda pikipiki kwenda ofisini kwa Benedikto. Alikaa kwenye benchi hadi mchana. Alipoitwa akasema alilokwenda kulisema, naye Benedikto akamsikiliza akichezea mfuniko wa kalamu. Akamuuliza kama anajua kwamba kughushi kumbukumbu ya serikali ni kosa la jinai. Akasema hataki kumwona mzee kama yeye akifungwa. Akamshauri apumzike, na akasema kazi ya kupima itafutiwe kijana. Kabla wiki haijaisha mwalimu mpya wa sayansi akaja kuomba ufunguo wa kipimamvua, kwa heshima, kwa mikono miwili, na Mwalimu akampa.

*

Vuli ilianza mwezi wa kumi, saa kumi alasiri, kwa manyunyu. Hayakuweza hata kulaza vumbi la njia. Mwalimu alikuwa barazani akichambua mbegu za viazi alipomwona Josephina akipanda kutoka bondeni. Mtoto alikuwa mgongoni chini ya kipande cha nailoni, kichwani ana godoro dogo lililokunjwa, mkononi sufuria na kibuyu cha maziwa. Alikuwa anahema.

"Shikamoo Mwalimu. Inanyesha," alisema.

"Marahaba. Ni manyunyu, mwanangu."

"Sijui," alisema Josephina. "Mimi siwezi kujua."

Alitua mzigo. Alisema hataki kusumbua, atakaa hapo barazani tu mpaka iishe, hata kama ni mpaka asubuhi. Yeye masikio yake yalishamwonyesha yalivyo, hawezi kuyaachia mtoto mwingine. Akamfungua binti yake mgongoni, Elinuru, aliyekuwa sasa anajifunza kusimama, akampokeza Mwalimu.

"Nisikilizie wewe," alisema.

Nyuma yake njiani walikuwa wanapanda wengine. Mama Issa na wajukuu wawili. Mke wa fundi baiskeli na mkweze aliyeshikwa mkono. Mzee Rashidi, amejifunika gunia kichwani ingawa hapakuwa na mvua ya kumlazimu kujifunika. Kila mmoja na kifurushi chake, kila mmoja anaamkia, anatafuta pa kukaa ukutani. Yunis alitoka akawatazama, akaingia ndani, akaanza kutoa mikeka.

Mwalimu alisimama katikati yao amembeba mtoto. Juu, kwenye kichwa cha bonde, tingatinga lilikuwa linafanya kazi ya jioni, likirudi nyuma kwa ule mlio wake, likienda mbele, likisukumia udongo korongoni. Hakuna aliyegeuka kulitazama. Wote walikuwa wameelekeza nyuso angani, kwenye manyunyu, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kumuuliza kama imeongezeka.